Huduma ya Kwanza katika Vituo vya Kulelea Watoto: Dakika Zilizo Mikononi mwa Mlezi

Huduma ya kwanza ni msaada anaopewa majeruhi au mtu aliyeugua ghafla na yule aliye karibu naye, kabla hajafikishwa kwa mganga. Msaada huu si matibabu kamili. Madhumuni yake ni matatu: kuokoa uhai, kuzuia madhara yasizidi, na kumwezesha mgonjwa kufika hospitali akiwa katika hali ya kutibika. Kwa mtu mzima, aliye karibu aweza kuwa mwenzake wa kazini au mpita njia. Kwa mtoto mdogo ambaye mama yake yuko sokoni au shambani, aliye karibu ni mlezi wa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Kwa hiyo suala la kumfundisha mlezi huyo huduma ya kwanza si la ziada katika kazi yake. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mkoa wa Songwe na watoto wake

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa, wilayani Mbozi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 1,344,687. Mji wa Tunduma uko mpakani, ukitazamana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu iendayo Zambia hupita hapo, pamoja na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa rasmi kwa Serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976. Malori ya shaba, ya mafuta na ya bidhaa nyingine hupanga foleni, na biashara ndogo ndogo huendelea tangu alfajiri hadi usiku. Kina mama wengi wanaojipatia riziki katika biashara hiyo hawana budi kumwachia mtu mwingine watoto wao.

Malezi ya pamoja si jambo geni nchini. Katika miaka ya 1970 vituo vya kulea watoto vilifunguliwa katika vijiji vingi vya ujamaa ili kina mama wapate nafasi ya kushiriki katika kazi za uzalishaji mali. Mwaka 1981 ilitungwa sheria mahsusi ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mnamo Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inahesabu ulinzi na usalama kuwa mojawapo ya mambo matano ya msingi katika malezi, sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali.

Hata hivyo, sheria na programu haziwezi kumfikia mtoto aliyepaliwa na punje ya karanga. Anayeweza kumfikia ni mlezi, na muda alio nao ni mfupi mno.

Kwa nini mwili wa mtoto hausubiri

Yamkini baadhi ya watu hudhani kwamba mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Sayansi ya mwili inaonyesha vingine. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa takriban milimita 4 tu, ambapo ya mtu mzima hufikia milimita 15 hadi 20. Katika karne ya 19 mganga wa Kifaransa, Jean Poiseuille, alichunguza mtiririko katika mabomba membamba, na kutokana na kazi yake ikafahamika kwamba bomba likipungua upana kwa nusu, ukinzani dhidi ya mtiririko ulio tulivu huongezeka mara 16. Tuseme njia ya hewa imevimba kwa milimita moja kuizunguka pande zote. Upana wa milimita 4 wa mtoto hubaki milimita 2, na kazi ya kuvuta pumzi huwa nzito mara 16. Kwa mtu mzima mwenye njia ya milimita 16, uvimbe ule ule hauongezi uzito huo hata mara mbili.

Damu nayo ni chache. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilogramu ya uzito wake. Mwenye kilogramu 10 ana mililita 800, yaani haijazi chupa ya lita moja. Damu itakayomwagika kiasi cha kikombe kimoja cha chai, ambayo mtu mzima huweza kuistahimili, kwa mtoto huyo ni robo ya damu yote. Ndiyo maana jeraha linalotoa damu nyingi lafaa kukandamizwa mara moja kwa kitambaa safi, bila kuachia, badala ya kufunguliwa kila wakati ili kutazamwa.

Juu ya hayo yote kuna ubongo. Ubongo hauna akiba ya oksijeni. Moyo ukisimama, chembechembe za ubongo huanza kudhurika katika muda wa dakika 4 hadi 6. Kutoka Tunduma hadi Mbeya, iliko hospitali ya rufaa ya kanda, ni mwendo wa takriban kilometa 100, na hata hospitali iliyo karibu zaidi haifikiki katika dakika hizo. Basi ni dhahiri kwamba dakika za mwanzo hazimo mikononi mwa daktari.

Mtoto aliyepaliwa

Mtoto wa chini ya miaka mitatu hana magego ya kutosha ya kusagia chakula kigumu, na bado hajamudu vema kumeza na kupumua kwa mpango. Karanga, punje za mahindi, maharage, vipande vya muwa na vifuniko vya chupa ni hatari kwake. Mlezi hana budi kwanza kutambua hali. Mtoto anayekohoa kwa nguvu na kulia bado anapitisha hewa. Aachwe akohoe, huku akiangaliwa. Mtoto asiyeweza kulia, ambaye kikohozi chake hakina sauti na midomo yake inageuka rangi, njia yake imezibwa. Hapo msaada usicheleweshwe.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mlezi humlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, na kumpiga mapigo 5 ya nguvu ya kiasi katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kitu kisipotoka, humgeuza chali na kumsukuma kifua mara 5 kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Hatua hizo mbili hurudiwa kwa zamu. Kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja, mapigo 5 ya mgongoni hufuatwa na misukumo 5 ya tumbo, baina ya kitovu na kidari, kwa njia aliyoieleza daktari wa Marekani Henry Heimlich mwaka 1974. Mtoto mchanga hasukumwi tumbo, kwa kuwa ini lake ni kubwa na laini, nalo huweza kupasuka. Wala kidole kisiingizwe kooni kutafuta kitu kisichoonekana, kwa sababu mara nyingi hukididimiza zaidi. Aliyesukumwa tumbo au kifua apelekwe kupimwa, hata kama amekwisha kupona.

Kuungua, na dumu moja la maji

Ajali ya kuungua kwa uji, chai au maji ya moto ni ya kawaida popote palipo na jiko na watoto. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na joto huipenya upesi. Tena joto lililokwisha kuingia huendelea kuunguza tabaka za ndani baada ya chungu kuondolewa. Dawa ya kwanza ni kuliondoa joto hilo, na kiondoa joto kilicho bora ni maji safi ya baridi ya kawaida, yakimiminwa juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Kumimina huko kuna faida hata kama kumechelewa, mradi saa tatu hazijapita tangu ajali.

Hapo mkazi wa Tunduma ataleta hoja yake, nayo ni ya haki: maji ni ya shida mjini humo, na watu wengi huyanunua kwa madumu. Bomba litiririkalo dakika 20 litatoka wapi? Jibu lapatikana kwa hesabu nyepesi. Lita moja ikimiminwa kwa kopo polepole katika kila dakika, dakika 20 zitatumia lita 20, yaani dumu moja. Kwa hiyo kituo kinachoweka kando dumu moja la maji safi, lililofunikwa na lisiloguswa kwa kazi nyingine, kina dawa ya kuungua. Maji yakipungua, yaliyokingwa katika beseni safi yaweza kuchotwa na kumiminwa tena. Katika miezi ya baridi, hasa Juni na Julai, ni sharti mwili uliosalia ufunikwe blanketi ili mtoto asipoteze joto lake lote.

Dawa ya meno, unga, majivu, mafuta ya kupikia na ute wa yai visipakwe. Baadhi huzuia joto lisitoke, baadhi huingiza vijidudu, na vyote humficha mganga hali halisi ya kidonda. Malengelenge yasitumbuliwe. Jeraha lililopoozwa lifunikwe kwa kitambaa safi kisichonata, na mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya.

Sumu zilizomo katika chupa za soda

Mafuta ya taa, petroli na dizeli mara nyingi huuzwa au kutunzwa katika chupa za soda na za maji. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, huiamini chupa. Akinywa, ndugu wengi hukimbilia kumtapisha au kumnywesha maziwa. Hilo ni kosa la hatari. Mafuta ya aina hii ni mepesi na huenea upesi. Madhara yake makubwa hayatokei tumboni bali mapafuni. Mtoto anapotapika, mafuta hupita kooni mara ya pili na kuingia katika njia ya hewa, nayo mapafu hupatwa na uvimbe mkali. Kwa hiyo asitapishwe. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi, na apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Katika mashamba ya kahawa ya Mbozi, hatari nyingine ni viuatilifu. Baadhi ya dawa hizo hupenya hata ngozi nzima isiyo na jeraha. Mtoto anayetokwa na mate na jasho jingi, mwenye mboni ndogo kama ncha ya sindano na anayepumua kwa shida, ashukiwe kuwa amepata sumu hiyo. Anayemhudumia ajikinge mikono kwanza, ndipo amvue na kumwosha kwa maji mengi na sabuni.

Ipo sumu ya tatu isiyo na rangi wala harufu. Uwanda wa Mbozi uko zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za baridi jiko la mkaa huingizwa ndani ili watoto wapate joto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Watoto kadhaa wakilalamikia kichwa, wakitapika au wakisinzia kwa wakati mmoja, mlezi asidhani ni usingizi. Awatoe wote nje penye hewa safi kabla ya jambo lolote lingine, kisha wapelekwe hospitali.

Degedege

Katika mabonde yenye joto ya Momba na ya Ziwa Rukwa malaria ingalipo, na homa kali huweza kuleta degedege, hasa kwa watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano. Hakuna dharura iliyozungukwa na hofu kama hii. Katika sehemu za pwani ya Tanzania watu wengi waliihusisha na ndege wa kishetani anayempitia mtoto, na baadhi ya wagonjwa walifukizwa kwa kinyesi cha tembo. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa mtoto hukakamaa, hugeuza macho na kutetemeka mwili mzima. Lakini chanzo chake kimo katika ubongo uliosumbuliwa na homa au ugonjwa, na kila saa inayopotea katika mafusho inaweza kuwa ndiyo saa ambayo malaria ingetibiwa.

Kazi ya mlezi ni chache na nyepesi. Alaze mtoto kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje, aondoe vitu vigumu vilivyo karibu, alegeze nguo shingoni na atazame saa. Asimshike kwa nguvu. Asimtie kijiko, kitambaa wala kidole baina ya meno, kwani ulimi haumezwi, bali meno huweza kuvunjika na kuingia katika njia ya hewa. Asimnyweshe kitu chochote. Degedege nyingi hukoma zenyewe kabla ya dakika 5. Ikizidi hapo, safari ya hospitali haina kungoja. Na hata ikikoma, mtoto apimwe siku hiyo hiyo, maana yaweza kuwa ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo.

Mtoto asiyepumua

Katika miaka ya 1950 madaktari Peter Safar na James Elam, nchini Marekani, walithibitisha kwamba pumzi inayotoka kinywani mwa mtu mzima bado ina oksijeni ya kutosha kumhifadhi mwingine. Mwaka 1960 William Kouwenhoven na wenzake wa Baltimore walieleza jinsi kifua kinavyoweza kukandamizwa kwa mikono ili damu iendelee kuzunguka. Kutokana na ugunduzi huo ndipo ikapatikana njia itumiwayo leo duniani kote.

Kwa mtoto, moyo kwa kawaida husimama kwa sababu pumzi imesimama kwanza. Hivyo mlezi aliyefundishwa huanza na pumzi. Humwita mtoto na kumgusa. Asipoitika, huita msaada, huinua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, na huchunguza kwa sekunde zisizozidi 10 kama anapumua. Asipopumua, humpulizia pumzi 5 ndogo, kila moja ikitosha tu kuinua kifua. Kwa mtoto mchanga, kinywa cha mlezi hufunika kinywa na pua kwa pamoja. Asipoonyesha dalili ya uhai, kifua hukandamizwa kwa kina cha theluthi moja ya unene wake, mara 100 hadi 120 kwa dakika; kila makandamizo 30 hufuatwa na pumzi 2, pasipo kukoma hadi msaada ufike au mtoto apumue. Mtoto aliyezama katika ndoo au pipa la maji husaidiwa vivyo hivyo. Kumning'iniza miguu juu ili maji yatoke ni kumpotezea dakika.

Namna ya kufundisha

Kuyasoma maelezo haya hakutoshi. Mkono usiowahi kukandamiza haujui theluthi ya kifua ni kiasi gani. Mwaka ule ule wa 1960, Asmund Laerdal wa Norway, aliyekuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, alibuni mwanasesere wa mazoezi, na tangu hapo imekubalika kwamba huduma ya kwanza hufundishwa kwa vitendo. Pasipo na mwanasesere wa kiwandani, wa kushonwa kwa vitambaa, mwenye ukubwa wa mtoto halisi, atafaa kwa kujifunzia kupiga mgongo, kulaza ubavu na kumimina maji.

Jambo la pili ni marudio. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba ustadi wa kupuliza pumzi na kukandamiza kifua huanza kufifia katika muda wa miezi mitatu hadi sita baada ya mafunzo. Cheti kilichotundikwa ukutani hakifufui ustadi huo. Mazoezi mafupi ya nusu saa katika kila muhula yana faida kuliko semina moja ndefu isiyorudiwa.

Jambo la tatu ni kusahau. Nusu ya mafunzo haya ni kufunza la kufanya, na nusu nyingine ni kuachisha desturi zenye nia njema na matokeo mabaya: dawa ya meno juu ya kidonda, kijiko baina ya meno, maziwa kwa aliyekunywa mafuta. Mkufunzi mwema hamcheki mwanafunzi kwa kuyaamini hayo. Humweleza sababu, kwa kuwa mtu aliyeelewa sababu hatarudia desturi hiyo atakaposhikwa na hofu. Waganga na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, maafisa ustawi wa jamii na wakufunzi wa Chama cha Msalaba Mwekundu, kilichoanzishwa nchini kwa sheria ya mwaka 1962, wanaweza kushirikiana katika kazi hii.

Jambo la mwisho ni matayarisho ya kituo chenyewe. Sanduku lenye chachi, bandeji, mkasi, glavu na sabuni. Dumu moja la maji safi. Saa ya ukutani. Na karatasi iliyobandikwa mlangoni yenye namba za simu za kituo cha afya, za mzazi wa kila mtoto, na za dereva wa teksi au bajaji aliyekubali kuitwa wakati wowote. Mlezi mmoja ajulikane mapema kuwa ndiye atakayebaki na watoto wengine wakati mwenzake anahudumia.

Gharama ya vitu hivyo ni ndogo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji umeme wala mtambo kutoka ng'ambo. Mama anayevuka mpaka alfajiri na mzigo kichwani humkabidhi mlezi mtoto aliye hai, naye hutarajia kumpokea jioni akiwa hai. Ili tarajio hilo litimie, haifai mafunzo yangoje siku ya ajali. Yaanze katika muhula huu, mtoto akiwa bado anacheza.